Kitufe cha Kurudi Nyuma

Chiriku hakuwa na kompyuta. Hakuwa na simu, wala meza ya kusomea, wala viatu ambavyo dada yake hakuvivaa kwanza. Hayo yote aliyazoea. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: herufi zake tatu hazikuwa juu ya orodha ya washindi.

Orodha hiyo ilikuwa katika karakana ya baba yake mdogo, fundi wa redio na televisheni. Ujanani fundi huyo alihudumia mashine za michezo katika ukumbi mmoja, zile zilizosimama kama kabati, zenye kioo na kijiti cha kuongozea. Ukumbi ulifungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Lakini siku hizi kompyuta yake ilikuwa na programu iliyoziigiza, na michezo ile ya zamani ilichezeka humo vilevile, milio yake ikiwemo. Ukifanya vizuri, mchezo ulikuruhusu kuandika herufi tatu tu za jina lako.

Herufi za juu zilikuwa KIM, za Kimya, binti wa shangazi yake, aliyekuwa mdogo kwake kwa mwaka mzima. Kila siku baada ya shule walipokezana kiti, wakikiongoza chombo kidogo kati ya mawe yaliyoanguka kutoka angani. Kimya alicheza bila kelele, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Chiriku alicheza kwa maneno.

"Jiwe hili limenionea!"

"Limekuonea mara tatu, dada?" Kimya aliuliza taratibu.

Wateja wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka, kwa meno tu.

Jumatano fundi alikuja na habari. Mwenye ukumbi wa zamani alikuwa ameifufua mashine moja, na alitaka mtoto mmoja aizindue mbele ya watu.

"Ijumaa nitamwandikia jina la mwenye alama nyingi," alisema fundi. "Mzee yule simu haziwezi. Kwake ni barua tu."

"Basi ni huyu Kimya," alisema fundi cherehani wa jirani. "Mtoto ana macho ya mwewe!"

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Njiani Kimya alimshika mkono kama kawaida yao, naye Chiriku akauona hata mkono ule unajivuna.

Programu ile ilikuwa na kitufe cha kuhifadhi mchezo pale ulipofikia, na kingine cha kuurudisha. Mteja akiingia, fundi aliuhifadhi mchezo wake, akamsikiliza, kisha akaendelea. Katika mashindano vitufe hivyo havikuguswa. Ulikuwa na maisha matatu, kama ukumbini, basi.

Alhamisi Kimya alibaki nyumbani kufua, na fundi alikuwa juu ya paa la mteja akifunga antena. Chiriku alicheza peke yake. Chombo kilipasuka mara ishirini, akakirudisha kwa kitufe mara ishirini. Alimaliza na alama elfu sitini na moja. Kimya alikuwa na elfu arobaini na nane.

"Hee! Ni wewe huyu?" fundi alishangaa aliporudi.

"Ni mimi, baba mdogo."

Jioni ile fundi alipita kwa dada yake, mama yake Kimya, kuwapa habari.

Kesho yake Kimya aliitazama orodha kwa muda mrefu. Chiriku alisubiri anune. Alitamani anune.

"Hongera, dada," alisema Kimya. "Mimi hatua ya saba hunishinda kila siku. Nionyeshe ulivyoipita."

Akasogeza kiti karibu. Kando yao fundi alikuwa ameshatoa karatasi na kalamu. Chiriku akaanza kucheza. Hatua ya tatu tu, maisha mawili yalikuwa yamekwisha. Kidole kikaelekea kwenye kitufe. Akamwona Kimya amekodoa macho, anataka kujifunza. Akaurudisha mkono. Chombo kikapasuka.

"Sikuipita," alisema. "Nilikuwa narudi nyuma kwa kitufe."

"Na mimi nimewasimulia darasa zima kwamba dada yangu ni bingwa!" Kimya alisema, machozi yakimlengalenga.

Fundi aliweka kalamu chini.

"Mashine ya kule haina kitufe hicho. Ungeaibika mbele ya watu. Lakini hilo ni dogo. Alama ulizoiba zimekuongezea uwezo gani?"

"Hakuna, baba mdogo."

"Mwenzako anaweza, ukamwonea wivu. Ungekaa kando yake ukatazama anavyofanya, leo ungekuwa unajua kitu. Wivu humjia kila mtu, hata mimi. Ukikujia, usikimbilie kumpokonya mwenzio. Jifunze, ufanye kazi, upate chako. Sasa mwombe msamaha. Barua utaiandika wewe."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusikia," alijibu Kimya, bila kumtazama.

Chiriku akaandika. Alipofika penye jina, mkono ulisita. Wivu ulikuwa bado haujamtoka. Hata hivyo akaliandika jina la Kimya lote, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Fundi alisoma, akatia sahihi. Chiriku akaitia barua ndani ya bahasha, akailamba gundi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akaenda nayo posta kwa miguu yake mwenyewe, akaitumbukiza.