Hodi Mlangoni kwa Bakary

Mimi sisemi watu, ila la mdogo wangu Bakary wa Nandagala limenishinda kulala nalo tumboni. Macho yalimwisha ukubwani, lakini gobore la marehemu baba hakuliacha. Baruti alipima kiganjani, akashindilia kwa kupapasa. Watu wakamcheka: "Kipofu na gobore! Utatuulia mbuzi wetu." Akawajibu, "Mbuzi wako naye abishe hodi."

Ndiyo ilikuwa sheria kwake. Anayekuja abishe hodi tangu kwenye mikorosho. Anayenyamaza ni nguruwe, au ni mbaya wake. Mkewe Sofia tu ndiye aliyeingia hivi hivi. Mwenye nyumba habishi hodi kwake, na hatua zake Bakary alizijua.

Msimu huu wa korosho, kila Sofia akitoka mchana, kitu kikaanza kutembea uani. Majani makavu yanalia. Kinazunguka nyumba. Kinasimama mlangoni.

"Dada, hakipumui," Bakary alininong'oneza. "Na kinakwenda kukaa pale pale anapokaa Sofia. Kinamtaka mke wangu."

"Si ukipige!"

"Na kama ni yeye mwenyewe?"

Nikacheka, mdomo wangu huu.

Jumatano Sofia akaja kwangu tupepete ufuta. Tukasengenya weee, nusu ya kijiji tukaimaliza. Jua la utosi. Mara, mlio wa gobore.

Sofia akatupa ungo. Tukakimbia, mimi mbele, yeye nyuma yangu.

Bakary alikuwa kizingitini. Gobore linafuka moshi.

"Kimebisha hodi," akanong'ona. "Kwa sauti ya Sofia. 'Hodi, mume wangu.' Hapo nikajua si yeye."

"Baba Masoudi, mimi huyu hapa," Sofia akamwambia mumewe.

Bakary akaangua kilio kama mtoto.

Uani hapakuwa na damu. Hapakuwa na kitu. Nikaanza kumtania: "Shujaa, umeua upepo!" Nikamgeukia wifi yangu tucheke wote.

Sikucheka.

Kanga aliyojitanda ilikuwa na tundu kifuani. Kingo zimeungua. Inanuka baruti. Na kanga ile ni yangu, nilimwazima asubuhi hiyo hiyo, nzima, haijafuliwa hata mara moja.

"Wifi, unatazama nini?" akaniuliza.

Nikaingiza kidole tunduni. Ngozi nzima, hata mchubuko hana. Lakini kidole kilitoka cheusi. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Weusi wenyewe ndio huu, njoo uutazame.