Nijaze Upepo

Tairi la mbele kushoto lilikutwa limelala Jumatatu asubuhi, na mwalimu mstaafu hakushtuka. Gari lenyewe lilikuwa la mkono wa tatu na kila wiki lilikuwa na lake. Alichotaka kwake ni kimoja tu, limfikishe mkewe hospitali siku za kliniki, maana mapafu ya mama yule yalikuwa yamechoka na pumzi zake zilikuwa za kuokoteza.

Akamwita jirani yake, fundi wa matairi aliyebatizwa jina la Viraka. Viraka akalizamisha tairi kwenye karai la maji, akaligeuza polepole akitafuta povu. Hakuona kitu. Akapaka sabuni kwenye valvu, kimya. Akamwambia mwalimu kwamba tairi lile lilikuwa zima kuliko wao wawili, wakacheka.

Jumanne likalala tena. Mwalimu akanunua jipya, nalo likalala. Akaligeuza gari, sasa la mbele kulia ndilo likawa chini ya dirisha la chumba chake cha kulala, pale lilipokuwa la kushoto, na asubuhi hilo ndilo lililokutwa chini, la kushoto limejaa tele. Safari hii Viraka hakucheka. Alilitazama tairi, akalitazama dirisha.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "kinachokula upepo hakimo kwenye gari. Kinatoka humo ndani."

Mwalimu alimwona anazeeka vibaya, akamwacha. Lakini Jumamosi mchana alisinzia kwenye kiti sebuleni, pembeni ya kitanda cha mkewe, ambaye siku hizi alilala hapo peke yake, ameegemea mito, kwa kuwa kulala chali kulimkaba. Kilichomwamsha ni ule mlio wa valvu iliyofunguliwa, ssss, mwembamba, usiokatika, na pamoja nao harufu ya mpira mkongwe na ya kinywa kilichofungwa siku nyingi, na alipofumbua macho akamwona mkewe ameshika koo kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya kijivu, shuka limeinuka kifuani kwake na kunyooka kuelekea kwenye kiti cha mwalimu kana kwamba mtu analivuta, na mlio ule, Mungu wangu, haukuwa ukitoka dirishani wala mlangoni, ulikuwa ukiingia katika kinywa cha mwalimu mwenyewe.

Alipofumba mdomo, ukakoma.

"Kuna kitu kinanivuta," mkewe alinong'ona baada ya muda mrefu.

"Kinakuvuta nini?"

"Pumzi."

Viraka ndiye aliyempeleka kwa bibi mmoja mshonaji, aliyejulikana zaidi kwa kutoa majini kuliko kwa mishono yake. Bibi hakuacha kukanyaga cherehani. Aliuliza mambo haya yalianza lini. Mwalimu akakumbuka Jumapili moja, mkewe amezidiwa kiti cha nyuma, tairi limepungua njiani. Palikuwa na kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, na mtu mmoja amesimama na pampu ya mkono. Mwalimu alimpigia kelele kutoka dirishani, "Nijaze upepo, ndugu yangu, haraka."

Yule mtu akauliza, "Nikujaze wewe?"

"Mimi, ndiyo. Kwani unamwona nani mwingine?"

Cherehani ikasimama.

"Gari hukulitaja," bibi alisema.

"Bibi, kila dereva husema hivyo. Nijaze upepo, niwekee mafuta. Ndivyo tunavyosema."

"Kila dereva huwaambia watu. Wewe ulimwambia nani?"

Mwalimu akaomba atolewe huo upepo siku hiyohiyo. Bibi alikata uzi kwa meno, akasema jini aliyevamia humtoa, hata awe mkaidi namna gani, lakini huyu aliyeitwa ndugu, akaulizwa, akajibiwa ndiyo, atamwambia atoke kwa haki gani? Alichoweza kumpa ni tahadhari tu. Mwalimu akilala, jini huamka na kula upepo ulio karibu naye zaidi. Basi alale karibu na tairi, na mbali na mtu.

Tangu siku hiyo mwalimu akawa analala ndani ya gari, mwisho wa uwanja. Kila jioni Viraka alilijaza tairi mpaka likawa gumu kama jiwe, na kila asubuhi mwalimu aliamka gari limeinama, shingo inamuuma, akashukuru. Alimwambia mkewe kwamba analilinda gari dhidi ya wezi. Ukweli aliuficha, akiogopa hofu itammaliza kabla ya ugonjwa.

Mama yule alimtania kwamba amepata mke mwenye magurudumu. Siku ya tano utani ukaisha. "Kama kikohozi changu kinakukera, niambie tu," alisema. Mwalimu akasema hapana, akamfunika miguu, akatoka upesi ili asiulizwe lingine. Ilimuuma sana, lakini alitoka.

Asubuhi ya sita aliamka shingo haiumi. Gari lilikuwa limekaa sawa. Alichungulia nje, akaliona tairi limejaa vilevile kama lilivyoachwa jioni, na kwa dakika nzima alifurahi kama mtoto, akaamini jini ameondoka, akapanga atakavyompikia mkewe chai na kumsimulia yote.

Ndipo alipoona amefunikwa shuka ambalo hakuja nalo. Nusu ya pili ya shuka ilikuwa imemfunika mkewe, aliyekaa kiti cha pili na kichwa chake begani kwa mume wake. Alikuwa ameuvuka uwanja mzima kwa pumzi zake chache ili asimwache alale peke yake. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Viraka alikuja mbio aliposikia kilio. Anasema alimkuta mwalimu amemkumbatia, kinywa wazi, analia kwa sauti moja ndefu. Alimshika mabega, akaita majirani, wakafungua milango, wakamtoa mama, wakamlaza, wakamfunika uso. Muda wote huo mwalimu alikuwa bado analia, na hakuna aliyemwona akivuta pumzi.