Mume Wangu Aliyeijua Ng'ambo

"Foleni ndiyo hii," alisema mume wangu. "Niamini mimi."

Nilikuwa nimemwamini tangu tushuke kwenye ndege ya kwanza, na matokeo yake miguu ilikuwa inawaka moto. Begani nilibeba gauni la harusi la binti yetu, nililolishona mwenyewe usiku na mchana. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu simpi mtu anibebee. Foleni ilijikunja na kujikunjua mpaka mwisho wake sikuuona. Na ndege ya pili, ya kutufikisha kwa huyo bibi harusi, haikuwa na mpango wa kutusubiri.

"Wenzetu wote wenye tiketi za kuunganisha wamefuata ule mshale wa njano," nilimwambia.

"Hao wageni. Sisi tunatoka nje, tunachukua mizigo, tunaingia upya. Ndivyo mambo yanavyokwenda huku."

"Yule dada aliyepokea mizigo yetu uwanjani kule nyumbani alisema inakwenda yenyewe hadi mwisho."

"Mke wangu, nani kati yetu amewahi kuishi ng'ambo?"

Hapo nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote. Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Ng'ambo. Tulipokuwa wachumba aliondoka kwenda huko miaka miwili, akarudi, akanioa. Wateja wengine wanakuja kunyolewa nywele ambazo hata hazijaota, ili mradi wasikie habari za theluji na viwanja vya ndege. Ila leo, kwenye ndege, mkanda wa kiti ulimshinda kufungua hadi abiria wa pembeni akamsaidia. Nilipomtazama, alisema, "Wamebadilisha."

Tulipofika kwa afisa, alizipekua tiketi zetu, akatutazama kwa huruma ambayo sikuitaka. Kiingereza changu ni cha darasani, lakini nilimwelewa. Foleni ile ilikuwa ya wanaoingia mjini. Sisi tulitakiwa kurudi tulikotoka, tufuate mshale wa njano, tupande treni, tena haraka.

"Mshale wa njano," nilimwambia mume wangu.

"Zamani ulikuwa wa kijani."

"Na treni? Kwenye hadithi zako zote sijawahi kusikia treni."

"Haikuwepo. Wamebadilisha."

Nikashika njia mbele. Kwenye ngazi za umeme niligeuka nikamkuta bado amesimama juu, mguu mmoja hewani, anaziangalia zile ngazi zinavyokimbia chini yake. Watu wamejazana nyuma yake, wanaguna.

"Shuka, baba. Kanyaga tu."

"Natafuta pa kukanyaga."

"Kila mahali ni pa kukanyaga. Zinakuja zenyewe."

Ilibidi nipande ngazi za kawaida za pembeni na gauni langu begani, nimshike mkono, nishuke naye kama ninayemfundisha mtoto kutembea. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Ndani ya treni simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa binti yetu, nikausoma kwa sauti.

"Mama, usiwe na wasiwasi, si uko na baba. Uwanja huo anaujua vizuri sana. Nimewaambia wakwe zangu wote aliishi huku, wamemwandalia nafasi ya kuzungumza kwenye sherehe. Mwambie ajiandae."

Nilipoinua macho, mume wangu alikuwa ameshika ile nguzo ya katikati kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umemshuka. Nikamtazama, na mambo yote ya siku ile yakajipanga yenyewe kichwani.

"Nikuulize swali moja," nilisema. "Umewahi kupanda ndege?"



"Ile ya leo."

Treni ilikuwa imejaa wageni wasiojua lugha yetu, na nilishukuru kwa hilo.

"Ile miaka miwili ulikuwa wapi?"

"Bandarini. Wakala aliyetuahidi kazi ng'ambo, mimi na wenzangu, alituacha pale, akatokomea na pasi zetu. Nikapata kibarua cha kupakia magunia."

"Bandarini ni mwendo wa asubuhi moja kwa basi."

"Najua."

"Unajua. Mimi nakusubiri, nakataa wachumba, wewe uko mwendo wa asubuhi moja."

"Mtaa mzima ulinisindikiza, mke wangu. Walinipigia hadi vigelegele. Ningerudije wiki inayofuata na begi lile lile? Nikasema nikae kidogo. Kidogo ikawa miaka. Niliporudi kila mtu akauliza habari za ng'ambo, nikajibu swali la kwanza. Baada ya hapo sikupata pa kuishia."

Ningeweza kucheka. Kweli, kama ingekuwa ni hilo tu, ningemcheka hadi mbavu ziume, halafu ningemnunia wiki moja na yangeisha. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na naye alilijua, kwa sababu aliacha kunitazama.

"Na mama yangu alipofariki?"

Akaikumbatia ile nguzo.

"Nakuuliza. Ulinipigia simu ya duka la jirani. Nikakuambia usijisumbue, najua uko mbali, najua nauli ya ndege si mchezo. Mimi, mfiwa, ndiye niliyekubembeleza. Ukalia."

"Nililia kweli."

"Ulilia ukiwa bandarini. Mama amezikwa, wanauliza mkwe mtarajiwa yuko wapi, natetea. Nimekutetea kwa shangazi zangu mpaka leo. Na basi lilikuwepo kila asubuhi."

"Lilikuwepo," alisema. "Nilikwenda hadi stendi. Nikarudi."

Afadhali angenyamaza. Hasira ilinipanda hadi masikio yakaziba. Treni ilipofunguka nilitoka bila kumngoja. Nilitembea kwa hasira na njia haikunipotea hata mara moja: mshale, kona, mshale, kona. Mume wangu alinifuata nyuma akihema, na kila nilipogeuka alikuwepo.

Kwenye mlango wa ndege yetu tulikuta abiria wameanza kuingia. Mume wangu hakuja kwenye foleni. Aliketi kwenye kiti cha mwisho, akakumbatia begi lake dogo.

"Nenda wewe," alisema. "Mwambie mtoto nimeugua njiani. Mimi narudi nyumbani."

"Utarudi vipi? Hata mlango wa kutokea huujui."

"Nitauliza. Siwezi kusimama mbele ya wakwe zake, mke wangu. Wataniuliza habari za huko. Nitamtia aibu mtoto."

Nililiweka gauni juu ya kiti kwa uangalifu, maana hasira zangu hazimhusu bibi harusi. Kisha nikasimama mbele yake.

"Nisikilize vizuri. Ulipokuwa kijana uliona aibu kurudi, nikakusubiri. Leo mzee mzima unaona aibu kwenda, unataka nikusubiri tena? Na nimdanganye mtoto kwa ajili yako, kama nilivyowadanganya shangazi bila kujua? Sisubiri tena. Ukikaa hapo, kaa moja kwa moja."

Akaliweka begi sakafuni. 

"Nipe simu," alisema.

Nikampigia binti yetu, nikafungulia spika, nikampa.

"Baba! Mmeshapanda?"

"Bado. Sikiliza, mwanangu. Mimi sijawahi kuishi huko. Sijawahi kufika popote. Hii ndiyo safari yangu ya kwanza."



"Baba, mimi nimekuja huku kwa sababu ya hadithi zako."

"Najua."

"Zote ulizitunga?"

"Zote. Waambie wakwe zako siijui hiyo nchi. Na ukitaka nisizungumze kwenye sherehe, sawa."

Nikamsikia binti yangu anavuta kamasi. Analia kama mimi, kwa pua zaidi kuliko macho.

"Utazungumza," alisema. "Utasema ukweli. Mama amesemaje?"

Mume wangu akanitazama. Sikumsaidia.

"Mama bado hajasema."

"Basi njooni. Nina mambo mengi ya kukuuliza, baba, na hutanipiga chenga."

Akanirudishia simu, akainuka. Tulikuwa wa mwisho kwenye foleni. Dada wa mlangoni alipokea tiketi zetu, akamtazama mume wangu aliyesimama hatua moja nyuma yangu, akauliza kama tuko pamoja. Mume wangu hakuelewa Kiingereza kile, lakini swali alilielewa. Akainama, akasubiri jibu langu.

"Tuko pamoja," nilisema.

Tukaingia kwenye ule ujia mrefu wa kwendea ndege. Alinyoosha mkono kuchukua gauni anisaidie, nikakataa. Tukatembea kidogo.

"Tukirudi nyumbani," nilisema, "utakwenda kaburini kwa mama. Utamwambia ulikuwa wapi."

"Nitakwenda. Utanisindikiza?"

"Hapana. Utakwenda peke yako, umwombe radhi mwenyewe."

"Na wewe?"

Nilipanga kumjibu kwa ukali. Roho haikukubali.

"Mimi nitakusubiri nyumbani."