Brashi ya Dereva

Kufuli lilikuwa mahali pake, lakini brashi haikuwepo.

Afande alisimama mlangoni mwa stoo, ufunguo bado mkononi, akaliangalia benchi lake la kazi bila kugusa kitu. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Alikuwa amestaafu upelelezi, lakini macho hayana pensheni; yalianza kazi yenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia. Makopo ya gundi, sawa. Msasa, sawa. Jiliwa, sawa. Brashi zake kuukuu za kunyolea, alizokuwa akizinunua minadani na kuzirudishia ujana, zilikuwa zimesimama kwenye kibao chao kama askari gwarideni. Hata ile ya mpingo yenye pete ya fedha, ambayo mwizi yeyote mwenye akili angeanza nayo, ilikuwepo.

Iliyotoweka ni ile ambayo haikuwa yake.

Ilikuwa ya mzee jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva kwa sababu aliendesha treni mpaka mvi zikamkuta kwenye injini. Binti yake, daktari wa meno, ndiye aliyemkabidhi Afande brashi hiyo siku ya Jumatatu. Walizungumza kibarazani kwake, mzee akiwa amesinzia kwenye kiti. Mpini wa pembe ulikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, na singa za farasi zilikuwa zimepukutika, zimebaki chache kama nywele za mwenyewe. Daktari alitaka irudi mpya kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya baba yake, Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Ijumaa jioni Afande aliujaza ufa kwa gundi aliyoichanganya na rangi ya kahawia ili ifanane na pembe. Gundi ile haina haraka, huchukua siku nzima kushika. Kwa hiyo aliufunga mpini kwa kamba nyembamba ya pamba, akapiga fundo gumu, akafunga stoo, akaenda kulala na moyo mweupe.

Sasa kamba ilikuwa juu ya benchi. Haikukatwa, ilifunguliwa. Afande akainama. Ncha moja ilikuwa imetafunwa mpaka nyuzi zimetawanyika. Pembeni mwa benchi kulikuwa na alama ya kidole, ya kahawia.

"Vizuri," alijisemea. Gundi ile ikishika ngozi, sabuni haiiwezi. Mwizi alikuwa anatembea na sahihi yake kidoleni.

Jikoni, mke wake, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, alikuwa anakunywa chai kwa macho yaliyofumba nusu.

"Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake uliporudi?" Afande aliuliza.

"Upo hapo siku zote. Hata paka wa jirani anajua ulipo."

"Umerudi saa ngapi?"

"Saa moja. Nimekukuta unakoroma kama trekta mlimani."

"Kuna mtu aliyeingia humu?"

"Nani aingie asubuhi hiyo? Hakuna mtu. Muuza maziwa aliishia getini, babu wa jirani alikaa hapo kupumzisha mguu wakati naoga, basi. Kwani vipi?"

"Brashi ya Dereva imeibiwa."

Mke wake akaweka kikombe chini. "Wenzako wakistaafu hufuga kuku. Wewe umefuga brashi, na hata hizo zimepata mwewe."

Afande alikuwa ameshavaa viatu.

Daktari alimpokea barazani, akasikiliza, uso ukabadilika polepole. Hakuuliza ni nani. Alikuwa na jibu tayari.

"Ni mdogo wangu."

"Usikimbilie huko, mwanangu."

"Afande, mimi namjua. Anaandaa maonyesho ya picha za vitu vya zamani. Alhamisi alinipigia simu akiitaka hiyo brashi, nikamwambia iko kwako na hapewi. Mwaka jana alichukua kofia ya kazi ya baba kwa ajili ya picha hizo hizo. Ukimuuliza iko wapi leo, anaanza kuangalia dari." Alikaa, akashika kichwa. "Nilikuwa nimeshaiandalia nafasi kwenye kabati la vioo pale sebuleni, katikati kabisa."

"Jumatatu ulisema kabatini nikadhani utani. Si ya kunyolea?"

"Atanyolea vipi? Tangu apate kiharusi mkono wa kulia haushiki hata kijiko. Namnyoa mimi kwa mashine, nayo imeharibika tangu Jumatano. Kidevu chake sasa ni kama brashi ya viatu. Nimetaka kumpeleka kwa kinyozi, hataki."

Akachukua simu. Afande alimsikia akimwambia mdogo wake aje mchana huo na brashi, au asije tena. Maneno yakawa makali pande zote mbili, kisha simu ikakatwa. Daktari akabaki ameishika.

Hapo Afande akaona kwamba kilichokuwa hatarini si brashi tena. Ndugu hawa wawili walimzika mama mmoja, wakagawana kumtunza baba mmoja, na walikuwa mbioni kugawanyika kwa kitu kinachoenea kiganjani.

Aliporudi barabarani aliona mlango wa kinyozi uko wazi. Akakumbuka kwamba kinyozi naye aliwahi kuiona brashi ile na kuisifu kupita kiasi, akisema ingependeza ukutani kwake. Akaingia. Kinyozi alikuwa anafagia. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia.

"Nionyeshe mikono," Afande alisema.

"Shikamoo kwanza, Afande."

"Marahaba. Mikono."

Kinyozi akainyoosha yote miwili. Vidole vyote, makucha yote, mpaka kwenye mikunjo ya viganja, vilikuwa vimetapakaa rangi.

"Rangi ya nywele," kinyozi alisema. "Wazee wa mtaa huu wameamua kurudi ujanani kwa pamoja. Tangu nifungue asubuhi sijapumua, waulize hao kwenye benchi."

Wateja wawili wakaitikia kwa vichwa vilivyolowa. Afande akamweleza wizi wa brashi ya Dereva, akatoa ile kamba mfukoni, akamwonyesha ncha iliyotafunwa.

"Wewe ungelifunguaje fundo hili?"

"Kwa makucha. Kwa meno kamwe. Yakivunjika nitaenda kwa nani, na daktari wa meno ndiye binti wa mwenye brashi?"

Wateja wakacheka. Afande naye alitabasamu, lakini alitoka akiwa anaigeuzageuza kamba ile. Mwenye mikono miwili hutumia mkono mmoja kushika mpini na mwingine kufungua. Aliyetumia meno alikuwa na mkono mmoja wa kufanyia kazi.

Mchana, mpigapicha alipoingia sebuleni kwa dada yake, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji.

Afande, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alitamani asiwe yeye. Alimpenda kijana huyu, alimwona akikua.

"Umefanya nini mkono?" aliuliza.

"Stendi ya kamera imeniangukia juzi."

"Juzi," dada yake alirudia. "Mwambie basi Afande brashi iko wapi."

"Sijaichukua."

"Na kofia hukuichukua?"

"Kofia niliichukua, na niliipoteza, na nimeomba radhi mpaka nimechoka. Brashi niliiomba ukakataa; ningeendelea kuitaka ningemwomba baba. Ni ya baba, si yako."

"Baba ana shida za kutosha."

"Dada, kila kitu ndani ya nyumba hii kinahitaji kibali chako. Mimi nimechoka. Hiyo sherehe ifanyeni wenyewe."

Alikuwa ameshageuka. Afande akainuka, akasimama kati yake na mlango.

"Kabla hujaenda, mwanangu, nipe mkono mzima."

Mpigapicha akaunyoosha. Afande akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha, akavichunguza vidole kimoja kimoja. Akaigeuza bendeji, akaangalia ncha za vidole zilizochomoza. Vyote vilikuwa safi kama sahani za sikukuu.

"Si huyu," alisema.

"Una hakika gani?" Daktari aliuliza.

"Gundi ya jana ingekuwa hapa. Mwizi wetu ana mambo mawili kwa pamoja. Ana kidole chenye rangi, na ana mkono mmoja unaofanya kazi. Kinyozi ana rangi, lakini mikono yake yote mizima. Mdogo wako ana mkono mmoja, lakini hana rangi."

Ndipo Afande akagundua kwamba tangu aingie hajamsalimia mwenye nyumba. Pale kwenye kona, karibu na kabati la vioo, Dereva alikuwa amekaa kwenye kiti chake, blanketi limefunika magoti na mikono yote miwili. Walikuwa wakimzungumzia mbele yake kama mtu anavyozungumzia hali ya hewa.

Afande akamsogelea, akanyoosha mkono. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mdogo wangu," Dereva alijibu. Mikono haikutoka blanketini.

Afande akabaki ameinama hivyo hivyo. Mashavu ya mzee yalikuwa laini kama ganda la yai. Chini ya taya kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi kilichobandikwa penye mkwaruzo. Harufu ya sabuni ilikuwa bado haijaondoka.

"Daktari," alisema bila kugeuka, "ile mashine imeshatengenezwa?"

"Bado."

"Na kwa kinyozi hakwenda?"

"Amekataa, nimekuambia."

"Basi ni nani aliyemnyoa baba yako leo?"

Mpigapicha akarudi kutoka mlangoni.

"Leo asubuhi nilimuuliza mke wangu nani ameingia kwetu," Afande aliendelea. "Akaniambia hakuna mtu. Papo hapo akanitajia aliyekaa jikoni, chini ya msumari wa ufunguo, yeye akiwa bafuni. Alisema hakuna mtu, nami nikakubali, mimi niliyekula mshahara wa serikali kwa kutokubali. Mzee, naomba nione mkono wa kushoto."

Dereva alimtazama kitambo. Kisha blanketi likasogea. Mkono wa kushoto ukatoka ukiwa umeshika brashi, mpini umefunguka ufa wake tena, na kidole gumba ni cha kahawia mpaka kwenye kucha.

"Nimeiba mali yangu," mzee alisema.

"Mali ni yako, stoo ni yangu," Afande alijibu.

"Hapo nina kosa. Nilirudisha ufunguo, lakini."

"Baba," Daktari alisema. "Ilikuwa zawadi yako."

"Zawadi ya kabati. Jumatatu mlidhani nimelala. Siku hizi nikifumba macho tu nahesabiwa marehemu. Nikasikia brashi yangu inakwenda kukaa kwenye vioo pamoja na vikombe vya wageni. Nikajisemea, ikiingia humo hiyo, nami nafuata." Alikuwa anaongea polepole, maneno mengine yakikwama kwenye upande mzito wa mdomo, lakini hakuna aliyemsaidia kuyamalizia. "Mkono huu wa kushoto nimeufundisha kimya kimya, bafuni, kwa kijiko na povu. Wembe wangu ninao sandukuni. Kilichobaki ni brashi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema 'sawa, baba'. Halafu ungechukua kitambaa ukanifuta mdomo."

Daktari akatazama chini. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake.

Mpigapicha akaanza kucheka, taratibu, mpaka akashika ukuta. "Amemwibia askari," alisema. "Na mguu ule, na fimbo ile, amemwibia Afande usingizini." Mzee naye mabega yakaanza kutikisika, na Daktari, machozi yakimtoka, akacheka pia. Baadaye akaenda kusimama kando ya mdogo wake.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilikuhukumu kabla ya kesi."

"Kofia niliipoteza kweli," alijibu.

"Kofia yenyewe ilikuwa inanibana," Dereva alisema.

Afande alimsomea mzee adhabu yake pale pale. Kwa kuwa alivunja stoo ya watu na kuufungua ufa kabla gundi haijashika, Jumatatu ataripoti kwenye benchi na kuirekebisha mwenyewe.

Aliripoti mapema, kabla hata chai haijaiva. Wiki hiyo walifanya kazi bega kwa bega. Afande alishika, mzee akapiga msasa kwa mkono wa kushoto, akilalamika kwamba msasa wa siku hizi hauna meno. Waling'oa singa zilizozeeka, wakafunga fungu jipya, na mzee akakataa liwe refu, kwa sababu brashi ndefu, alisema, inamkumbusha mkia wa farasi aliyemtupa utotoni. Mke wa Afande aliwaletea chai stooni, na kila mara alimwamkia mzee kwanza, kwa sauti.

Asubuhi ya siku ya kuzaliwa, kabla wageni hawajafika, familia nzima ilijazana mlangoni mwa bafu. Mpigapicha alikuwa ameinua kamera. Daktari alikuwa ameshika taulo, maji ya moto, na wasiwasi wote wa mtaa. Dereva alisimama mbele ya kioo kwa miguu yake, fimbo ikiwa imeegemea sinki. Akalowesha brashi, akaizungusha juu ya sabuni mpaka povu likapanda jeupe na zito, akalipaka shavu moja, halafu la pili. Mkono ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia.

Akachukua wembe. Halafu akawaona wote kwenye kioo, wamebana pumzi.

"Fungeni mlango," alisema. "Kuna mtu ananyoa."

Daktari akaufunga.