Kigiriki cha Mke wa Kasisi

Lettice Thirlby alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, na mumewe ng'ambo ya meza akinong'ona Kigiriki kama ilivyokuwa desturi yake kila asubuhi. Alipofika pale ambapo wadudu walikuwa wameitoboa ile ngozi ya kale yenye maandishi aliyokuwa akiisoma, na mstari ukakatika, Lettice akaumalizia.

Hakuinua hata macho. Aliyasema yale maneno kwa sauti nzito kidogo kuliko yake, kisha akang'ata mkate.

Kasisi Everard Thirlby akaweka kikombe chini.

"Umesema nini, mpenzi?"

"Nimesema chai imepoa."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo nilikuwa natafuna, Everard."

Lettice hakujua Kigiriki. Baba yake, mfanyabiashara wa sufu kule Norwich, aliona binti akijua Biblia na kinanda imetosha. Lakini Thirlby alipoingia chumba chake cha vitabu na kuyaandika yale maneno penye tundu, yalikaa sawasawa, kwa mizani na kwa maana, kama jino linalorudi kwenye ufizi wake.

Ile ngozi ya kuandikia ilitoka kwenye monasteri moja katika visiwa vya Wagiriki, na Thirlby aliinunua kwenye mali ya msafiri aliyefariki. Ilikuwa na shairi la mwanamke aliyezikwa hai, anayewasihi wapita njia waseme naye. Nusu yake ilikuwa imeliwa. Thirlby alikuwa ameizeekea, maana siku hizo kasisi aliyehariri vizuri kazi ya Kigiriki aliweza kupewa uaskofu kwa sababu hiyo tu, na yeye alikuwa amechoka na kijiji cha Saltmere, matope yake, na wakulima waliosinzia kanisani.

Mchana ule akamwita mkewe aje ashonee karibu na moto wake. Akasoma hadi penye tundu lililofuata, akanyamaza. Chumba kikanuka udongo mbichi na taa ya mafuta iliyozimwa mahali pasipo hewa. Lettice akajibu kwa sauti ile nzito. Thirlby akaandika kwa furaha.

"Everard," mkewe akasema baada ya kitambo, akitazama vidole vyake. "Hiki cha kushonea kinaitwaje?"

"Sindano."

"Sindano," akarudia. "Ajabu. Hilo jina halikai kichwani."

Hapo Thirlby alielewa, tusimtetee. Alielewa kwamba kila mstari uliotoka ulikuwa na neno lililoondoka badala yake. Akajiambia ni uchovu, akageuza ukurasa.

Haukupita muda mrefu, Bi Pruett, mpishi wao, akaja kusimama mlangoni huku ameshika aproni yake.

"Baba Kasisi, samahani. Mama amekuja jikoni akawa ananionyesha kidole tu. Kumbe anataka chumvi. Hajui tena chumvi inaitwaje."

"Amechoka, Bi Pruett."

"Mtu anachoka mpaka anasahau jina la mama yake mzazi? Nimemuuliza, akalia." Akashusha sauti. "Na humu ndani ya ukuta wako mna kitu. Mchana kweupe, wewe ukiwa kanisani, nasikia kucha kwenye jiwe. Mimi Jumamosi naenda kwa dada yangu. Usinikasirikie."

Ndipo Thirlby akamwita Kasisi Jabez Orme wa parokia ya jirani, aliyesoma naye tangu utoto. Katika chumba cha vitabu Orme akaketi mbele ya Lettice akamuuliza kwa Kigiriki, "Wewe ni nani?"

Jibu lilitoka mbio, na wale wataalamu wawili hawakuambulia kitu. Maisha yao yote walikisoma Kigiriki, hawakuwahi kukisikia kikizungumzwa. Ikabidi wamwombe aseme polepole, kama watoto darasani. Kinywa cha Lettice kikacheka.

"Mnaisema lugha yangu kama watu wenye kokoto mdomoni," sauti ikasema. "Mimi ndiye niliyefungiwa."

Orme akamvuta mwenzake hadi ukumbini. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Askofu hatatupa ruhusa ya kufukuza pepo, atatuona wendawazimu. Ichome ile ngozi, Thirlby. Na nakala zako zote. Sasa hivi."

"Umebaki mstari mmoja."

"Na mkeo amebakiwa na nini?"

Alikuwa amebakiwa na jina la mumewe. Alikaa dirishani akilisema kwa sauti ndogo, Everard, Everard, kama mtu anayening'inia kwenye kamba.

"Niachie dakika chache niage kazi yangu," Thirlby akasema, na Orme, aliyemwamini, akapiga magoti ukumbini kuomba.

Thirlby akafunga mlango, akaichukua ile ngozi, akasoma kwa sauti iliyokauka, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya udongo ilivyomjaa puani na zile kucha zilivyokwaruza ukutani, juu, chini, nyuma ya kiti chake, haraka kama za mtu aliyeona mwanga, naye akaendelea kusoma huku akimwona mkewe akitikisa kichwa, machozi yakimtiririka, maana hata bila maneno alijua anachoondolewa, hadi akafika mwisho wa maandishi na kinywa cha Lettice kikafunguka, mstari wa mwisho ukatoka mzima, mzuri kupita yote, na lile jina likakoma.

Lettice alitazama nje, mikono mapajani.

Thirlby akalitazama shairi lililokamilika, asione furaha yoyote. Akakumbatia kila kitu, ngozi na nakala, akavitupa motoni. Ngozi ikajikunja kama kiumbe, na kutoka ndani ya moto ukasikika mlio wa mwanamke, mwembamba, usio na maneno, mrefu kuliko pumzi ya mtu. Orme akaingia mbio.

"Anatoka," akanong'ona. "Mungu asifiwe, anatoka."

Na ilionekana hivyo. Harufu ikaisha, ukuta ukatulia. Majira ya kuchipua yalipofika Lettice akaanza kusema tena, neno moja moja, kisha sentensi, na Bi Pruett akarudi jikoni. Orme akahubiri ibada ya shukrani. Kijiji kizima kilimpa Thirlby mkono.

Alasiri moja Thirlby na mkewe walikuwa wameketi bustanini, wawili tu.

"Kila siku namshukuru Mungu aliyekurudisha," Thirlby akamwambia.

"Hakuna aliyerudi," mkewe akajibu, bila ubaya. "Lugha yenu ni nyepesi, nilidhani itanichosha."

Thirlby akamgeukia. "Lettice yuko wapi?"

"Nilikokuwa mimi, ndani ya shairi. Kila mstari niliotoka nao, yeye aliingia nao."

"Basi nitalisoma. Nitalisoma lote, nimwite."

"Utalisoma wapi?"

Thirlby akafungua kinywa aliseme kwa kichwa, shairi aliloishi nalo miaka yote ile. Hakupata hata neno la kwanza.

"Ule mlio mliousikia motoni haukuwa wangu," akasema yule aliyeketi kando yake, akimwondolea jani begani, "mimi nilikuwa nimekaa dirishani."

Kengele ya sala ya jioni ikalia. Yule mwanamke akamshika mkono, wakatembea taratibu hadi kanisani, na watu njiani wakavua kofia kuwaamkia wote wawili.