Aliyefuta Tovuti ya Damu

Tovuti ilikuwa imefutwa. Pale wachangiaji damu walipojiandikisha palibaki ukurasa mweupe, na hospitali ilikuwa ikipiga simu bila kupumua.

Inspekta alimkuta mama mwenye kampuni iliyoitengeneza amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Fundi wake wa kompyuta, jamaa mwembamba waliyemwita Sindano, alikaa kichwa mikononi.

"Mkamate huyo, afande! Imefutwa kwa kompyuta yake."

"Nilikwenda kula, mama. Niliiacha wazi."

"Inafutwaje?" Inspekta aliuliza.

Sindano akamwonyesha lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Mstari mmoja hupandisha tovuti mtandaoni, mstari mwingine huiondoa. Kabla ya yote aliandika amri fupi. Kioo kikajibu: ya kweli.

"Hiyo nini?"

"Naiuliza niko wapi. Tuna nakala mbili, ya majaribio na ya kweli, na amri hufuata ile uliyochagua mwisho. Ya majaribio naifuta kila mara, kisha naipandisha upya. Lakini sifuti kabla ya kuuliza."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mdogo wake mama, kijana wa mapokezi, ametoka benki, anapiga mluzi. Inspekta akamwahi kabla hajaambiwa lolote, akampeleka jikoni.

"Sindano anatuhumiwa uzembe."

"Si nilisema! Kufuta nakala ya majaribio siku mteja anakuja kuitazama!"

"Nani amekwambia ni ya majaribio?"

Kijana aliutazama mlango.

"Si ndiyo... iliyofutwa?"

"Imefutwa ya kweli. Watu wanasubiri damu wodini."

Kijana alishika ukingo wa sinki.

"Ya kweli? Wallahi sikujua, afande. Nimemwona akiandika amri ile ya kufuta mara chungu nzima. Nilidhani daima ni ya majaribio."

"Ulitaka nini?"

"Aonekane hafai. Kesho dada anamfanya mshirika. Mimi wa tumbo moja naye, nimebaki kufungua mlango na kupokea vifurushi!"

Mama alikuwa amesimama nyuma yao, amesikia yote.

"Ungeniomba, mdogo wangu," alisema taratibu. "Hata kunitukana ungenitukana, tukayamaliza nyumbani. Wagonjwa wamekukosea nini?"

Kijana alinyoosha mikono mwenyewe, na Inspekta akamfunga pingu.