Faili Lipo, Sauti ya Mama Haipo

Nilimkuta dada yangu wa tumbo moja kashika waya wa kompyuta mkononi...

Umeshachomolewa ukutani. Skrini nyeusi tii!

Jamani wasomaji wangu, nisikilizeni kwanza kabla hamjanishukia kwenye komenti. Ndani ya ile kompyuta mlikuwa na sauti ya mama yetu. Nakala moja tu duniani.

"Nani kachomoa?"

Dada akaangalia chini.

"Mimi."

Nikamuuliza kwa nini, akawa anaukunjakunja tu ule waya. Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaweka waya mezani, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mama alipata saratani ya koo. Madaktari wakasema ili aishi, lazima watoe kisanduku chote cha sauti. Atapumua kwa tundu la shingoni, kuongea ndo basi tena. Kabla hajaingia chumba cha upasuaji nikamrekodi kwa simu. Akaongea weee! Anatutania, anatuita majina yetu ya utotoni, anamcheka marehemu baba alivyokuwa akikoroma. Mama alikuwa na mdomo huyo!

Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi, nafanyia nyumbani. Nikaihamishia ile sauti kwenye kompyuta ya mezani, nikaifuta kwenye simu maana simu ilikuwa imejaa. Dada akaniomba nakala. Nikamwambia asubiri, niisafishe kwanza. Mama alikuwa anakohoa sana humo ndani, nikataka nitoe kila kikohozi abaki mama yule wa zamani.

Basi ndo yakawa maisha yangu. Mama karudi kutoka hospitali, kalala chumba cha pili, mimi nimevaa hedfoni nakata vikohozi.

Siku ya tukio nikamaliza. Nikaihifadhi juu ya ile ya mwanzo, jina lile lile. Kompyuta ikasema tayari. Nikavua hedfoni, nikamwachia mama aongee kwenye spika, nikatoka getini kumpokea mteja. Dada alikuwa jikoni, amekuja kumwogesha mama. Mteja akaniganda kwa maneno. Narudi... dada na waya.

Nikawasha upya. Ikawaka vizuri tu, wala haikulalamika. Nikafungua folda...

Faili lipo! Jina lile lile, ukubwa kama kawaida. Nikashusha pumzi, nikabonyeza.

Kimya.

Kimya mwanzo mpaka mwisho.

Nikaibeba kompyuta mpaka kwa fundi. Akaifungua, akaikagua, akavua miwani. Akanieleza taratibu kama mtu anayeleta habari za msiba. Kwamba kompyuta ina kumbukumbu yake ya pembeni, na kila ikitaka kugusa faili inaandika humo kwanza: naondoa la zamani, naweka jipya, jina hili, ukubwa huu. Yaliyomo yenyewe yanasubiri kidogo, yanafuata nyuma. Ikikuambia tayari, huenda bado haijamaliza kuyashusha. Umeme ukikatika hapo katikati, ikiwaka inasoma ile kumbukumbu na kupanga kila kitu mahali pake.

"Nyumba imesimama, namba ipo mlangoni," akasema. "Ila waliotakiwa kuhamia hawakufika."

"Na ile sauti ya mwanzo?"

"Ulihifadhi juu yake. Nimetafuta. Pole sana."

Nililia pale dukani mpaka watu wakanipisha njia.

Dada nikambloku kila mahali. Akija kumwogesha mama, mimi natoka. Anamhudumia, anaondoka, hajitetei hata kidogo. Na hapo ndo hasira zikazidi kunipanda, maana niliona asiye na kosa angejitetea.

Mchana mmoja namnywesha mama supu, moyo ukanijaa.

"Mama, mwanao mkubwa ndiye aliyekuzima sauti mara ya pili. Mimi na yeye basi."

Mama akaniangalia sana. Akasukuma bakuli. Akainuka, anajishikiza ukutani, mpaka kwenye meza yangu. Akainama, akachomoa waya wa kompyuta. Akaniwekea mkononi.

Nikadhani ugonjwa umempanda kichwani.

Akajigusa kifua. Yeye! Kisha akachukua kikombe, akagonga ukuta unaotutenga na chumba chake. Akagonga, akagonga tena. Akanionyesha tundu la shingoni, akafanya kama anakabwa. Halafu akanishika masikio.

Mungu wangu...

Siku ile tundu lilikuwa limeziba makohozi. Mama anakosa hewa upande wa pili wa ukuta, ananiita kwa kikombe, na mimi nimeziba masikio namsikiliza yeye mwenyewe! Akajikokota mpaka chumbani kwangu. Akakuta kiti kitupu, na sauti yake inacheka kwenye spika. Akavuta waya ile sauti inyamaze, huenda mtu angemsikia yeye.

Nilienda kwa dada nikiwa nalia njia nzima. Akanimalizia mwenyewe yaliyobaki: alisikia kishindo akiwa jikoni, akamkuta mama sakafuni, akamsafisha tundu, akamrudisha kitandani. Ndipo akarudi kuokota waya, na mimi nikaingia. Nikamuuliza kwa nini alibeba lawama isiyo yake. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja.

"Mdogo wangu, mimi ukinichukia, tuna miaka ya kupatana. Mama hana."

Na kweli hakuwa nayo. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Ile miezi iliyobaki nilijifunza kumsoma midomo. Jamani, mama alikuwa bado anatutania! Anatania bila sauti, na mimi na dada tunacheka mpaka tunashika mbavu. Vichekesho vyote nilivyokuwa nahangaika kuvisafisha vilikuwa chumba cha pili, vinanisubiri.

Wenye wazazi wagonjwa, warekodini. Toeni nakala, mgawane na ndugu zenu, msiwe wachoyo kama mimi. Halafu zimeni hizo mashine mkakae nao.

Sauti ya mama siku hizi siikumbuki tena vizuri. Najaribu, inapotea. Ila vile midomo yake ilivyokuwa ikiliita jina langu, hilo naliona mpaka leo.